Jino la Kisu cha Mzee Athumani

Mfaume amekufa, na watu wanataka nimsamehe. Juzi alikuja kijana mmoja, mjukuu wake, kwa bodaboda kutoka Narung'ombe mpaka hapa kwangu Nachingwea, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Akanipa shikamoo kwa adabu zote, akaketi ukingoni mwa mkeka. "Bibi," akasema, "wazee wamenituma. Wanaomba umtoe babu moyoni, apumzike." Nikampa uji kwanza, maana kijana wa watu hana kosa na njia ni ndefu. Alipoweka bakuli chini nikamwambia, "Kawaambie waliokutuma kwamba Bi Somoe amesikia msiba, ameitikia inna lillahi, na mchele wa sadaka huu hapa, beba. Lakini kusamehe sijasamehe. Hilo ni langu na Mungu wangu, tutazungumza wenyewe." Akacheka, akidhani natania. Nikamwacha acheke mpaka akaona mimi sicheki, akabeba mchele akaondoka.

Siku hizi kila mzee anategemewa awe laini. Ukishaota mvi watu wanataka ukae barazani unatabasamu na kubariki kila kinachopita. Mimi uzee haukunilainisha. Nina vitukuu, nina mikorosho yangu mwenyewe upande wa Nambambo, na nina mwaka mmoja wa ujana wangu ambao simpi mtu yeyote ili apumzike nao. Nitausema huo tu. Nani alinizaa, nani alimzaa aliyenizaa, na jinsi nilivyoozwa, wanaoyataka hayo wakaulize kwingine.

Ulikuwa mwaka wa hamsini, Wazungu wa mashamba ya karanga bado wako Nachingwea na kelele zao. Nilitoka nyumba ya Mfaume kwa miguu yangu, bila talaka, nina kanga mbili na sikio la kushoto linalovuma kwa makofi. Nikalala njiani kwa watu wenye huruma, kesho yake nikaingia kwa Mama Mkubwa Hadija, dada yake mama, ambaye alikuwa akiwapikia watu wa matrekta. Hakuniuliza kitu. Alilitazama sikio, akaitazama miguu, akasema, "Kinu kile pale." Nikatwanga. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu na ua. Uani kulikuwa na mafiga, sufuria la ugali wa muhogo, chungu cha mbaazi, na kiangazi kilipoingia ming'oko, ile mizizi ya porini, ilichemka tangu asubuhi mpaka ua mzima unanukia. Madereva na wang'oa visiki walikula wamechuchumaa, watu wa kila kabila, kila mmoja na Kiswahili chake, na mimi nikitwanga nilisikia yote. Nilijua trekta lipi limekufa, Mzungu gani ana homa, nani kaoa mke wa pili kwa siri. Na kila siku walilalamika kwamba udongo wa hapa unakula chuma. Majembe ya trekta yaliingia shambani mazima yakarudi yamelika, yanang'aa kwa kusuguliwa. Sisi tulicheka, tukasema Wazungu wamekutana na kiboko yao.

Mume wa Mama Mkubwa, Baba Mkubwa Hamisi, alikuwa fundi wa visu vya kukunja. Mji ulijaa visu hivyo. Askari waliorudi kutoka vita vya Burma walikuja navyo mifukoni, madereva walivinunua madukani, na mwanamume asiye na kisu cha kukunja alionekana bado mtoto. Baba Mkubwa alikaa barazani kwa duka la Mhindi na benchi lake, nyundo ndogo, tupa, na jiliwa la kubania chuma. Kulikuwa na tatizo moja tu, nalo lilifichwa sana: alikuwa haoni. Ukungu ulikuwa umeziba mboni zote mbili. Alimjua mtu kwa sauti na kisu kwa kidole, lakini kuchonga kitu kidogo kama punje ya ufuta hakuweza tena. Siku moja alirudi mchana na kisu cha mteja, akakaa chumbani, akawa anakifungua na kukifunga, anakifungua na kukifunga. Nikakasirika. Mwaka ule nilikuwa na hasira za bure, hata kuku akinipita mbele nilimgombeza. Nikasema kutoka uani, "Baba Mkubwa, hicho kimelegea kwenye ribiti, unajisumbua nini?" Akaacha kukifungua. "Umejuaje?" "Si nimekisikia!" Akaninyooshea kile kisu. Tangu siku hiyo chumba cha tatu kikazibwa kwa pazia la magunia ya karanga, na mimi nikawa nyuma ya pazia.

Nieleze kidogo, maana wajukuu zangu wanadhani kisu ni kisu. Visu vingi vya kukunja havina kufuli. Vina springi tu, na ukivikandamiza vibaya vinajifunga. Vile vizuri vina kufuli mgongoni. Ndani ya mgongo wa mpini umelala ufito wa chuma, na mwisho wa ufito huo kuna jino. Shina la bapa nalo limekatwa pengo. Ukikunjua kisu, bapa linazunguka kwenye ribiti, kile kipini cha chuma kinacholiunga na mpini, jino linateleza juu ya shina lake, na likilikuta pengo linatumbukia, springi inalikandamiza kwa nyuma. Hapo kisu kinasema "ka!" Kukikunja tena lazima ubonyeze ufito, jino linyanyuke. Baba Mkubwa alinifundisha kusikiliza. "Kisu kizima kinasema neno moja," aliniambia. "Kikisema mawili, ka-cha, usikiamini hata kama ni cha sheikh." Neno la pili ni la jino lililokaa juujuu, halikufika chini. Na jino lina njia zake za kuharibika. Kona zake huliwa zikawa mviringo, basi likisukumwa linapanda na kutoka. Au ribiti inalegea, bapa linachezacheza, jino na pengo hayakutani sawasawa. Au springi inachoka. Nilijifunza kulichonga jino lirudishe kona yake, polepole, kwa sababu ukilipunguza kupita kiasi hakuna dawa, hulirefushi tena. Nilikuwa napumua kwa shida nikifanya kazi ile, vumbi la chuma puani, jasho machoni, na sikutaka kuitwa kula. Niseme ukweli: nilikipenda kile chuma kuliko nilivyowahi kumpenda mwanamume.

Na kwa nini pazia? Kwa sababu wazee wetu waliamini mwanamke akigusa chuma cha fundi kinakataa. Tangu enzi za kufua majembe, mwanamke hasogei kwenye mivukuto, na mwanamke aliye mwezini ndiyo kabisa, hata kivuli chake hakitakiwi. Watu wangejua, asingekuja mteja hata mmoja. Basi asubuhi Baba Mkubwa alikwenda barazani kupokea visu na kupiga soga, mchana akaja navyo nyumbani ndani ya mfuko wa ukindu, kesho akarudisha vilivyopona. Ili wapita njia wasikie kazi inaendelea, alibana msumari mmoja wa zamani kwenye jiliwa akawa anausugua tupa kutwa nzima. Msumari ukiisha anaweka mwingine. Mama Mkubwa alikuwa anacheka mpaka anashika kiuno. "Mume wangu fundi kweli," alisema, "misumari ya mji huu yote ameiponya." Mimi nilicheka pia mwanzoni. Baadaye nikaacha kucheka, kwa sababu nilisikia madereva uani wakimsifu. "Mzee Hamisi ana mkono," walisema huku wanatafuna mbaazi zangu, na visu vyangu wamevichomeka kiunoni. Nilitaka kutoka niwamwagie sufuria.

Kisu kilicholeta balaa kilikuwa cha Mzee Athumani, mchinjaji. Kila mbuzi wa sadaka aliyechinjwa Nachingwea alipitia mkono wake, na kisu chake alikijua kila mtu: mpini wa pembe, bapa pana, kufuli mgongoni, alikipata kwa askari mmoja wa Burma. Alikiweka mfuko wa kanzu, akienda hitimani anakikunjua mbele za watu kwa madaha, ka! Kilikuja kwangu ribiti imelegea na jino limeanza kulika kona. Nilikifanyia kazi kwa heshima. Nikaweka ribiti mpya, nikalichonga jino likakaa ndani ya pengo bila kuacha nafasi ya unywele, kikasema neno moja. Nikampa Baba Mkubwa na maagizo: "Mwambie asikipake mafuta ya ufuta." Kwetu kila kitu kilipakwa mafuta ya ufuta. Ngozi, nywele, cherehani, bawaba za mlango, ngoma. Watu walisema chuma nacho kina kiu. Lakini ufuta ukikaa unaganda, unanata, na ule udongo mwekundu unaokula majembe ya trekta unanasa ndani yake. Ndani ya pengo inakuwa tope, tope linakauka, na jino likitumbukia halifiki chini. Baba Mkubwa alimwambia. Mzee Athumani akajibu kwamba kisu chake anakipenda na hatakinyima mafuta. Alikipaka kila jioni kabla ya magharibi, amekaa kizingitini, upepo unavuma.

Ikawa hitima kwa jirani yetu. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na wanawake tunapepeta mchele. Tukasikia bismillahi, tukasikia mbuzi anakoroma, halafu tukasikia mwanamume anapiga ukelele. Mbuzi alikuwa amejirusha, mgongo wa bapa ukagonga goti la aliyemshika, kisu kikajikunja chenyewe juu ya vidole viwili vya Mzee Athumani. Damu ya mtu na damu ya mbuzi zikachanganyika mchangani. Wakamfunga kwa kilemba. Halafu, wallahi, kabla hata hajamaliza kuugulia, likaanza lile jambo: mbuzi ni halali au kibudu? Koo limekatika nusu kabla kisu hakijafunga, mwingine akamalizia kwa panga, je, bismillahi ya kwanza inatosha? Walibishana mpaka mchele ukaiva na kupoa. Mwishowe hakuna aliyethubutu, tukala wali kwa kunde, wanaume wamenuna, nyama inatazamwa na nzi. Mtu akachukua kile kisu akamsukumia Baba Mkubwa kifuani. "Fundi, tuoneshe ulichotengeneza hapa!" Baba Mkubwa akakipokea, akakipapasa, akakiinua mbele ya uso wake akionyesha ribiti, kumbe anaonyesha kitako cha mpini. "Huyu haoni," akasema mmoja. Na mwingine, "Sasa nani anatengeneza visu vyetu?" Mwenye macho haambiwi tazama. Nyumba ile ilikuwa na mgeni mmoja tu asiyeonekana kutwa, nami ndiye.

Habari ikafika Narung'ombe kabla hata jeraha halijakauka. Mfaume akaja, na akaja na mjomba wangu Liponda, kaka yake mama. Kwetu mjomba ndiye mwenye kauli juu ya mpwa wake: yeye ndiye hukuoza, na akisema urudi kwa mumeo, baba yako mwenyewe hana la kujibu. Nilisikia maneno yao kupitia pazia la magunia. Mfaume alikuwa anaongea kwa sauti ya upole, ile ya mbele za watu. "Mjomba, mimi sina ugomvi naye. Mke wangu amepotea njia tu. Mtu akiacha kazi aliyopewa na Mungu, si mnaona yanatokea nini? Vidole vya mtu mzima!" Mjomba akaguna. Wakakubaliana: Ijumaa baada ya sala wakae uani kwa Mama Mkubwa, Mzee Athumani awepo, jambo liishe, na Jumamosi mimi niondoke na mume wangu. Nilikaa chini sakafuni mle chumbani, tupa mkononi. Kurudi kule ilikuwa ni kufa. Sisemi kwa kupamba. Mwanamke aliyeolewa na Mfaume kabla yangu alizikwa, na hakuna aliyeniambia aliugua nini.

Ijumaa ile asubuhi tulikuwa tunamenya ming'oko. Baba Mkubwa akaketi karibu na mafiga, akasema polepole, "Somoe, mwanangu, nitasema kisu nilitengeneza mimi. Nitasema macho yamenilaghai. Watanicheka, basi. Wewe utakuwa huna kosa, watakuacha ukae kwa mama yako mkubwa umsaidie jikoni." Mama Mkubwa akaniangalia. Maneno yale yalikuwa ya upendo, nilijua, na nilimpenda mzee yule. "Na visu?" nikauliza. "Visu tena, mwanangu? Visu vimekwisha." Nikaweka chini ming'oko. "Basi usiseme kitu, Baba Mkubwa. Nikikaa hapa kwa uongo, Mfaume atakuja tena mwezi ujao na wewe utakuwa hata ufundi huna. Nilikitengeneza mimi, na nilikitengeneza vizuri." Akaanza kunibembeleza, lakini Mama Mkubwa akamkatiza. "Mwache. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Akaendelea kumenya kwa nguvu, maganda yanaruka.

Walikuja baada ya sala, wamevaa kanzu, wakajaa uani. Mjomba Liponda kwenye kiti, Mzee Athumani pembeni yake na mkono uliofungwa matambara, Mfaume mbele kabisa, kofia mpya. Mjomba akasema maneno ya kawaida ya wazee, nyumba, heshima, mila, halafu akauliza ili jambo liwe na sura ya haki, "Kisu hiki nani alikitengeneza?" Baba Mkubwa akafungua kinywa. Nikatoka nyuma ya pazia.

"Mimi."

Ua ukaguna wote. "Shika adabu yako," mjomba akasema.

"Adabu ninayo, mjomba, shikamoo. Naomba hicho kisu."

Nadhani alinipa kwa mshangao tu. Nikakikunjua hadharani. Ka-cha. Maneno mawili, kila mtu aliyasikia ingawa ni Baba Mkubwa peke yake aliyeelewa, akatikisa kichwa. Nikachukua kijiti cha mwanzi nikachokonoa ndani ya pengo, likatoka tope jekundu lililogandamana, linanuka ufuta. Nikalipangusa kwenye kipande cha gunia, nikawaonyesha. Nikasema jino halifiki chini kwa sababu ya hili. Unadhani waliona? Wee! Mzee Athumani alisonya. "Mafuta nimepaka tangu ujana wangu, hayajanikata hata siku moja. Kilichonikata ni mkono wa mwanamke." Wazee wakaitikia, naam, naam. Mfaume akatabasamu kwa huruma, kama mtu anayemwonea aibu mwendawazimu wa ukoo. Hapo nikajua kwamba hata ningewaeleza mpaka magharibi, maneno yangu yangekuwa ya mwanamke tu. Nikaendelea kulisafisha pengo, nikalisugua kwa majivu, nikakifunga na kukifungua. Ka! Nikapitisha ukucha kwenye jino. Lile tukio la hitima lilikuwa limelila kona upande mmoja, si sana. Nilijua litafanya nini. Kufuli ya mgongoni iliyolika kidogo hustahimili kusukumwa moja kwa moja. Inachoogopa ni kupindwa.

Nikakishika kisu ngumi nzima, vidole vyangu vinne vimelala juu ya mfereji wa mpini, pale pale bapa linaporudi likijikunja. Nikauelekeza mkono kwa mchinjaji. "Mzee Athumani, mnasema mkono wangu umekiharibu. Haya, kikunje. Sukuma bapa uwezavyo. Kikifunga, vidole ni vyangu, na kesho nitakwenda Narung'ombe bila kusema neno. Kisipofunga, siendi."

"Sikati vidole vya watoto wa watu," Mzee Athumani akasema, akageuza uso.

"Mjomba?"

Mjomba akakohoa, akatazama chini.

"Nitasukuma mimi," akasema Mfaume. "Ni mke wangu." Akainuka.

Alishika bapa kwa mgongo, viganja vyote viwili, akalisukuma kuelekea vidole vyangu. Mwanzo alikuwa bado ana lile tabasamu. Jino likashika. Akaongeza. Mishipa ya shingo ikamsimama, kofia ikamdondoka, na tabasamu likaondoka, ukabaki uso ule ninaoujua mimi, uso wa chumbani Narung'ombe, ambao hakuna mwingine pale aliyewahi kuuona. Jino limeshika. "Basi, imetosha," mjomba akasema. Mfaume hakusikia. "Basi, Mfaume!" Akaanza kulipinda, kulia na kushoto, anahema. Nikalisikia jino linalia ndani ya pengo, makali yakanigusa ngozi, damu ikachirizika kidole cha kwanza. Sikufungua ngumi. Nilimtazama machoni, na nilisema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Pinda. Waonyeshe." Naye, Mungu ni shahidi, akapinda.

Aliyemkamata alikuwa Mzee Athumani. Alimrukia kwa mkono wake wa kushoto, akamshika kifundo cha mkono, akamvuta nyuma mpaka wakaanguka wote juu ya mafiga yaliyozimika. Akainuka majivu kanzuni. "Nimechinja miaka yote hii," akasema, "sijawahi kumtazama mnyama kwa macho hayo. Liponda, mpwa wako huyu ameharibu kisu changu, hilo silifuti. Lakini ukimrudisha kwa mtu huyu, usinialike kwenye hitima yake." Mjomba alikuwa anavitazama vidole vyangu. Baadaye sana aliniambia kwamba siku ile alihesabu mara ngapi nilikwenda kwake kushitaki na yeye akaniambia nivumilie, lakini aliniambia akiwa anaumwa na sikumjibu. Pale uani alisema tu, "Mfaume, toa talaka." Mfaume akatazama kulia, akatazama kushoto, hakuona uso wa kumtetea. Akaitoa huku anapangusa kofia. Mama Mkubwa akapiga kigelegele. Talaka, kupigiwa kigelegele! Wazee wakamkaripia, yeye akapiga cha pili, akawauliza kama watakula ming'oko au wataondoka na njaa zao. Wakala.

Jumamosi, siku niliyotakiwa niwe njiani, nililing'oa pazia la magunia na nikaenda na Baba Mkubwa barazani kwa duka la Mhindi. Akasogea upande, nikakaa katikati ya benchi. Akautoa ule msumari wake kwenye jiliwa, akautupa barabarani. Siku za kwanza hakuja mtu. Walipita, wakatazama, wakasonya. Wengine walivuka upande wa pili ili kivuli changu kisiwaguse, na mimi nikawasalimu kwa majina. Halafu akaja dereva mmoja wa trekta ambaye kufuli ya kisu chake ilikuwa imekufa na hakuwa na fundi mwingine hata angetembea mpaka Ruangwa. Nikakiponya. Akasita kukichukua. "Nasikia unaweka vidole," akasema. "Hebu weka, nione." Nikaona hawa sasa watanifanya ngoma ya kuchezwa, kila kisu vidole vyangu! Nikamwambia, "Kisu ni chako, kazi ni yangu. Weka vidole vyako wewe, nisukume mimi." Akacheka, wenzake wakamtania, akashindwa kurudi nyuma mbele yao. Akaweka, nikasukuma, ikashika. Kufikia mvua za kwanza ikawa ndiyo sheria ya benchi langu, na haikuandikwa popote: hakuna mwanamume aliyechukua kisu chake kabla hajalaza vidole kwenye mfereji na mimi sijasukuma. Waliweka madereva, wakaweka askari wa Burma, wakaweka wale wale waliovuka barabara.

Wa mwisho kuja alikuwa Mzee Athumani. Vidole vyake viwili vilikuwa vimepona lakini vimegoma kukunjika. Aliweka kisu cha pembe mezani bila salamu, akakaa kusubiri, anaangalia pengine. Nilikifungua chote, nikabadilisha ribiti, nikalirudishia jino kona yake kwa tupa ndogo kuliko zote, nikalikausha pengo. Ka! Watu walikuwa wamejaa barazani, hata Mhindi alitoka dukani.

"Vidole, mzee," nikasema.

"Na mimi?"

"Kila mtu. Weka vilivyo vizima."

Akalaza vidole vya mkono wa kushoto juu ya mfereji, kimoja kimoja. Nikashika bapa.

"Bado unasema mkono wa mwanamke unaharibu chuma?"

"Nasema," akajibu. "Nitasema mpaka nife."

"Haya, toa vidole, uende zako."

Hakutoa. Alifumba macho, akasema bismillahi.

Nikasukuma kwa nguvu zangu zote.